Sarafu ya Wasapai Haikuibwa

Mama yangu,

Ile sarafu waliyosema umeiiba imeonekana. Nimeiona kwa macho yangu mwenyewe, huko Sandton, ndani ya kabati la kioo, imelazwa juu ya kitambaa cheusi na kuwashiwa taa yake peke yake. Haikuwa imepotea hata siku moja. Ilikuwa kwenye trei ileile uliyowaambia waitazame, na hawakuitazama.

Naiandika barua hii wazi, asome kila mwenye macho, kwa sababu waliokutuhumu hawakunong'ona. Walikuita mwizi mbele ya mtunza bustani, mbele ya majirani na mbele ya polisi, na habari ikafika Berea kabla wewe hujafika. Kwa hiyo sioni kwa nini mimi ninong'one.

Wengi watakaosoma hapa hawakukujua, basi univumilie nikikukumbusha mambo unayoyajua kuliko mimi.

Ulinileta Johannesburg kutoka Tanga nikiwa na miaka sita. Tulipanga chumba Berea, ghorofa ya tano, jiko tukichangia na familia mbili za Kikongo ambazo ziliona ajabu kwamba unaweka nazi hata kwenye maharage. Ulipata kazi ya kupika na kufanya usafi kwa Mzee Luben, Mbulgaria mgane asiye na mtoto, aliyekuja nchi hii ujanani kufanya kazi ya uhandisi migodini akazeekea hapahapa. Nyumba yake ilikuwa kubwa kuliko mahitaji yake. Chumba kimoja tu ndicho alichokithamini, kile cha nyuma chenye dirisha la mashariki, alimoweka sarafu zake za kale.

Zilikuwa sarafu za Wathrakia, watu walioishi kwao Bulgaria zamani sana, kabla hata nchi haijaitwa jina hilo. Alikuwa na trei tatu za mbao zenye vishimo vilivyotandikwa kitambaa cha kijani. Ya kwanza ilikuwa ya Wasapai, kabila lililotoa ukoo wa mwisho wa wafalme wa Thrakia, na hao ndio aliowapenda. Ya pili ilikuwa ya Waodrisi, waliotawala kabla yao. Ya tatu ilikuwa ya Bosporo, ufalme mwingine kabisa, ng'ambo ya Bahari Nyeusi.

Miaka ya mwanzo ulikuwa unafuta vumbi tu. Kisha macho ya Mzee yakaanza kuzima, na siku moja akakuita ukiwa na kitambaa mkononi akakuomba umwambie anachokishika. Tangu siku hiyo wewe ndiye uliyekuwa macho yake. Nilikuwa nakuja nawe wakati wa likizo za shule, nakaa kwenye zulia na vitabu vyangu, nawasikiliza.

"Mwanaidi, huyu ni nani?" angeuliza, akikuwekea sarafu kiganjani. Alitamka jina lako vizuri, herufi zote. Alijifunza.

Ungeipeleka dirishani. "Kuna mwanamume na mwanamke. Vichwa vimebanana, wanatazama upande mmoja. Nyuma yuko Kaisari."

"Soma."

Nawe ungesoma, ukifuata herufi za Kigiriki kwa ncha ya ukucha, polepole, kama unavyosoma juzuu. "Basileos Roimetalku."

"Yaani?"

"Ya mfalme Roimetalke. Na huyu ni mkewe. Ana mkwaruzo shingoni."

"Jembe la mkulima aliyemfukua," Mzee angesema, na angecheka kila mara kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. "Huyo ndiye. Mrudishe kwake."

Ungemrudisha kwenye trei ya kwanza, kishimo cha nne. Naikumbuka namba hiyo kwa sababu ulinitaka niikumbuke. Ulikuwa na daftari la mistari, la kawaida la shule, ukiandika kila sarafu na mahali pake kwa Kiswahili, kwa sababu ulisema akili yako hukumbuka kwa Kiswahili. Ulinifundisha herufi hizo na mimi. Uliniambia hii inayofanana na P nisiiite P, kwao hiyo ni R, na nisione haya kuikosea mara mia.

Jioni, huku tukichagua mchele kwenye ungo, ulinisimulia habari za Wasapai kama vile unasimulia mambo ya ukoo wetu. Mpaka leo nikisikia mtu akitaja Kaisari Augusto nasikia sauti yako. Uliniambia kwamba huyo Roimetalke alikuwa rafiki wa Warumi, na alipokufa Kaisari akaukata ufalme vipande viwili. Mwanawe, Kotisi, akapewa nchi nzuri yenye mashamba na miji. Ndugu wa marehemu, Reskupori, akapewa milima na baridi. Kotisi alikuwa mpole, mtu wa elimu, anaandika mashairi. Baba yake mdogo alikuwa na roho ya namna nyingine. Augusto alipofariki tu, akaanza kumega mipaka ya mtoto wa kaka yake. Rumi ikatuma ujumbe waache ugomvi. Kotisi akatii, akawarudisha askari wake nyumbani.

"Ndipo baba mdogo akamwita karamuni," ulisema. "Karamu ya kupatana."

"Akaenda?" niliuliza.

"Akaenda. Mtu wa damu yako akikuita mle pamoja, utamwambiaje huendi? Wakala, wakanywa. Katikati ya furaha akatiwa minyororo. Akawakumbusha kwamba yeye ni mfalme, akawataja miungu ya ukoo wao, akawaambia hata chakula cha mwenyeji kina heshima yake. Hawakumsikiliza."

"Wakamuua?"

"Baadaye. Na yule baba yake mdogo akasema kijana kajiua mwenyewe."

Hapo ulikuwa unaacha kuchagua mchele. Uliniambia kwamba Kotisi alikuwa na mke, Antonia Trifena, na watoto wadogo. Warumi walimvuta yule Reskupori kwa hila mpaka wakamkamata, wakampeleka Rumi, na mwanamke huyo akasimama mbele ya baraza la wakubwa wa dunia akamshtaki aliyemuua mumewe. Reskupori akahukumiwa kuishi mbali na ufalme wake, akapelekwa Iskandaria, na huko akauawa. Wengine walisema alijaribu kutoroka, wengine walisema alisingiziwa tu.

"Na huyo naye alisingiziwa?" niliuliza.

"Inawezekana. Na kama alisingiziwa, hiyo pia ilikuwa dhuluma," ulisema. "Usifurahie mtu kusingiziwa, Saumu, hata kama humpendi."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, kumi na mitatu hivi. Sikujua kwamba nitahitaji maneno hayo.

Mzee Luben alifariki nikiwa na miaka ishirini na mbili. Ulimfunga kidevu kwa mikono yako, ukamfunika, ukakaa naye mpaka daktari akaja. Wiki ya pili akafika mpwa wake, Viktor, mrithi, akitokea Ulaya, pamoja na mwanamke wa kuandika orodha ya mali. Siku ya kwanza tu alizimwaga sarafu zote mezani azipige picha, kisha akazirudisha kwenye trei yeye mwenyewe, akisoma majina. Ulimwambia kwa adabu kwamba kuna daftari kwenye droo ya jikoni linaloonyesha kila moja inakaa wapi. Akatazama mwandiko wako, akauliza ni lugha gani, ulipomjibu akalirudisha drooni.

Kesho yake kishimo cha nne kilikuwa kitupu.

Ulinisimulia mara moja tu yaliyofuata, lakini ulisimulia yote. Walikuita jikoni. Viktor akakuuliza iko wapi sarafu ya Roimetalke na malkia, iliyo kwenye picha za zamani za mjomba wake.

"Itazame trei ya Bosporo," ulimwambia. "Kule nako kuna Roimetalke. Jina ni lilelile, maandishi ni yaleyale, na nyuma kuna Kaisari vilevile. Lakini yule ni mwingine, alikuja miaka kama mia baadaye, na hayuko na mkewe. Umewachanganya."

Alicheka, mama. Ulisema alicheka bila ubaya, kama mtu anayemcheka mtoto aliyesema jambo kubwa kuliko umri wake. Kisha akasema, "Maidi, najua wafalme wangu. Sikuulizi historia. Nakuuliza sarafu." Miaka yote ile aliyokuwa akipiga simu kumsalimu mjomba wake, wewe ndiye uliyekuwa ukipokea, na jina lako hakulijua.

Ukamwambia tena, trei ya tatu. Ukamwomba akuruhusu uitafute mwenyewe. Akakwambia usiguse kitu. Akaita polisi.

Yule askari hakuwa mkali. Ulisema alikuita mama, na alipokutoa nje alikushika kiwiko usijikwae. Alikuuliza kibali chako cha kufanya kazi, kikaonekana kiko sawa. Ulimwambia naye habari ya trei ya tatu, akaiandika kweli kwenye karatasi yake, na ilipoishia karatasi hiyo hatujui. Walikuweka siku mbili. Walipekua chumba chetu Berea, wakamwaga mchele kwenye godoro, wakafungua hata pakiti zangu za pedi, huku Mama Furaha, Mkongo wa chumba cha pili, akisimama mlangoni na kusema kwa sauti, "Huyu mama haibe. Mimi najikaa naye miaka kumi, haibe." Mungu ambariki Mama Furaha. Siku ya tatu wakasema hakuna ushahidi, wakakuacha uende. Kukuacha uende si kukwambia huna kosa. Ulilijua hilo kabla yangu.

Hukupata tena kazi ya nyumba. Kila ulikokwenda waliomba barua kutoka ulikotoka. Mikono iliyokuwa ikipewa wafalme iwashike ikaishia kudeki ngazi za maghorofa ya Berea, kuanzia juu kwenda chini, na ulipofika chini juu palikuwa pameshachafuka.

Kwa watu wetu ndiko kulikoniuma zaidi. Ulikuwa kwenye kikundi cha akina mama wa msikiti, wengi wao wa Tanga na Unguja, wanaopika kwenye misiba na Maulidi. Wewe ndiye uliyekuwa na ufunguo wa stoo ya masufuria, mchele na sukari. Bi Zuhura, mwenyekiti, alikuja nyumbani na wenzake wawili. Wakanywa chai yako. Wakakupa pole. Kisha Bi Zuhura akasema, "Dada Mwanaidi, sisi tunakuamini. Ila watu wanasema, na kikundi kina heshima yake. Ule ufunguo tungeuomba, kwa muda tu."

Uliinuka ukautoa kwenye kanga ulikoufunga, ukamwekea kwenye sahani ya kashata. Ulipokuwa unawafungulia mlango uliwaambia waangalie ngazi, taa imeungua. Hawakuurudisha ule ufunguo. Miaka miwili baadaye ulipata kiharusi ukiwa na ndoo mkononi, na siku ya nne ukafariki. Akina mama haohao wakaja kukuosha na kukusitiri, wakalia sana, nami nikashindwa kujua kilio hicho nikiweke wapi.

Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Nafanya kazi Midrand siku hizi, kwenye ofisi ya kusafirisha mizigo. Miezi mitatu iliyopita nilikuwa nashuka treni Sandton nikaona tangazo ukutani, kubwa kama mlango: sarafu za wafalme wa Thrakia, mkusanyo wa marehemu Luben, zitaonyeshwa kwa wiki mbili kabla ya kupigwa mnada. Nilisimama pale watu wakinipita. Nilidhani nitakuwa na huzuni. Nilikuwa na hasira, mama.

Nilikwenda Jumamosi. Nilivaa baibui lako jeusi la Idi. Ukumbi ulikuwa na watu wenye glasi mikononi wakizungumza kwa sauti za chini. Nilianza na kabati la Wasapai. Kishimo chako cha nne hakikuwepo, walikuwa wameziba pengo kwa kuzisogeza nyingine. Nikapita Waodrisi. Nikafika Bosporo, nikainama, na yule pale: mwanamume na mwanamke, vichwa vimebanana, wanatazama upande mmoja, na shingoni mwa malkia mkwaruzo wa jembe. Kadi chini yake ilisema, "Roimetalke, mfalme wa Bosporo."

Hata wakati huo hawakuwa wamejua. Waliipiga picha, wakaipima, wakaiandikia kadi, wakaiwashia taa, na hakuna aliyejiuliza huyu mwanamke anafanya nini hapo. Uliitwa mwizi wa kitu walichokuwa wamekishika wenyewe miaka yote hiyo.

Viktor alikuwa akihutubia. Amenenepa kidogo, amepata mvi. Alimsifu mjomba wake, akasema kwamba mzee alipopofuka alizijua sarafu zake kwa kuzipapasa tu. Nilisubiri amalize. Alipouliza kama kuna maswali niliinua mkono.

"Ile sarafu ya nne kwenye kabati la Bosporo si ya Bosporo," nilisema. "Ni ya Wasapai. Huyo ni Roimetalke wa Thrakia na mkewe. Wa Bosporo hayuko na mkewe, na alikuja miaka mia baadaye."

Alitabasamu. "Orodha yetu imetayarishwa kwa makini, dada."

"Basi njoo uisome mbele yangu."

Kulikuwa na mwalimu wa chuo kikuu, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, aliyealikwa kuzungumza baada yake na kuithibitisha orodha kabla ya mnada. Alikuwa hajafika kwenye kabati lile. Akaomba lifunguliwe. Akaiweka sarafu kiganjani, akaigeuza, akatoa kioo chake cha kukuzia. Nami nikaisoma kwa sauti bila kuitazama, "Basileos Roimetalku," na nikawaambia kuhusu mkwaruzo kabla hajautaja.

"Yuko sahihi," mwalimu alisema. "Hili ni kosa kubwa. Nani amekufundisha?"

"Mama yangu, Mwanaidi. Alikuwa akifanya kazi nyumbani kwa Mzee Luben. Ndiye aliyekuwa akimsomea. Na hii ndiyo sarafu aliyopelekwa polisi akidaiwa kuiiba."

Hapo Viktor akatambua mimi ni nani. Alinisogelea akaniambia kwa sauti ya chini kwamba haya tungeweza kuyazungumza ofisini, na kwamba asante sana, kadi itarekebishwa leoleo.

"Kadi utairekebisha leo," nilimwambia. "Na mama yangu utamrekebisha lini?"

Sikupiga kelele. Sijui niliitoa wapi sauti ile iliyotulia, pengine kwako. Alisema amesikitika sana. Alisema lilikuwa jambo la kutoelewana. Nilimuuliza ni neno gani ambalo hakulielewa kati ya "trei" na "ya tatu". Nikamuuliza daftari lako liko wapi. Akasema vitu vya jikoni vilitupwa wakati wa kuuza nyumba. Miaka kumi na minne ya mwandiko wako, mama, aliitaja kama anataja vifuniko vya sufuria.

Wiki iliyofuata nilipata barua yake. Ilikuwa na aya moja ndefu. Ilisema kwamba kutokana na hali ya huzuni ya wakati ule palitokea mashaka kuhusu mahali ilipo sarafu, na kwamba familia inajutia usumbufu wowote alioupata Bi Mwanadi. Hata jina alilikosea. Niliisoma mara tatu nikitafuta mtu aliyetenda jambo, sikumpata. Hakuna aliyekutuhumu, hakuna aliyeita polisi, mashaka yalitokea tu yenyewe kama ukungu. Niliirudisha kwa mkono wangu. Nilimwambia katibu wake kwamba nataka sentensi nne, nikaziandika nyuma ya bahasha: Mwanaidi hakuiba. Mimi ndiye niliyekosea. Aliniambia ukweli nikamcheka. Naomba radhi.

Alikaa kimya wiki tatu. Nadhani angekaa kimya mpaka leo, lakini yule mwalimu wa chuo alimwambia kwamba hataweka sahihi yake kwenye orodha inayoficha namna kosa hilo lilivyotendeka, na bila sahihi ile hakuna mnada. Simjui mama yule zaidi ya hapo. Barua ya pili ikaja. Sentensi nne, jina sahihi, sahihi yake chini. Sijidanganyi kwamba ilitoka moyoni. Ilitoka mkononi, na mkono ndio ulioshika simu kuita polisi, kwa hiyo nimeipokea.

Nilipeleka nakala kituo cha polisi. Kijana wa kaunta alisema, "Eish, sisi," yaani dada kwa lugha ya huku, "faili hili limefungwa zamani." Nikamwambia alifungue, aiweke ndani, alifunge tena. Nilisimama mpaka akafanya hivyo.

Kisha nikaenda kwa akina mama.

Ilikuwa Jumapili, wanachambua mchele wa Maulidi. Niliingia nikasalimia, nikasimama katikati yao nikaisoma barua, kwanza kwa Kiingereza kama ilivyoandikwa, kisha kwa Kiswahili ili pasiwe na mashaka mengine yatakayotokea yenyewe. Bi Zuhura ameshazeeka sana, anatembea na fimbo. Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Mwanangu Saumu," alisema, "tulikosea. Tulimkosea dada yetu. Tunakuomba utusamehe, kwa niaba yake."

Wote walikuwa wananitazama, mama, na najua walichokitaka. Walitaka niseme tumesamehe, tukumbatiane, mchele uendelee. Na mimi nilipenda kusema hivyo, kwa sababu wamezeeka, na kwa sababu walikuosha kwa upole. Sikuweza.

"Mimi siwezi kusamehe kwa niaba yake," niliwaambia. "Hakuniachia ruhusa hiyo."

Mmoja wao akanung'unika kwamba moyo wangu ni mgumu. Bi Zuhura akamnyamazisha. Nikatoka nikaenda kituoni kupanda teksi.

Kuna jambo sikuwaambia, nami nalisema hapa kwa sababu barua hii ni ya wazi na haitakuwa wazi nikiliruka. Wiki ile uliyotoka polisi ulikuwa umekaa kitandani unaukusanya mchele kwenye mikunjo ya godoro. Nilikuwa nimekuwa mtu mzima, nimesoma, nilikuwa nimekaa kwenye lile zulia miaka yote nikimsikia Mzee akikwambia mrudishe kwake. Nami nilikuuliza. Nilikuuliza kwa upole, kama binti mwema, "Mama, kweli hukuichukua? Hata kwa bahati mbaya?"

Hukukasirika. Ulinitazama kidogo, kisha ukasema, "Funga dirisha, Saumu. Baridi inaingia."

Nikafunga. Hatukulizungumza tena, na nilikuwa na miaka miwili mizima ya kulizungumza.

Kwa hiyo hasira yangu kwa Viktor ninayo, na kwa kituo kile, na kwa waliokunywa chai yako wakaondoka na ufunguo. Sijapoa na sina haraka ya kupoa. Lakini kila ninapotaka kuwahesabu wote waliokusikia na wasikuamini, inabidi nianze na aliyekuwa analala kitanda kimoja nawe.

Ijumaa iliyopita nilikuja kwenye kaburi lako nikamkuta Bi Zuhura ameketi kando yake kwenye kiti cha plastiki, peke yake, fimbo mapajani. Sijui nani alimleta. Midomo yake ilikuwa ikichezacheza. Sikumsogelea. Nilikaa kwenye ukuta wa upande wa pili nikamsubiri amalize, kisha nikaenda nikapiga magoti palepale alipokuwa.

Nilikuwa nimepanga mengi ya kukwambia. Nilisema moja tu, unisamehe, na jibu lake unalo wewe.

Mwenyezi Mungu akupe nafasi pana.

Binti yako wa pekee,
Saumu
Midrand